Shamba lisilo na mwenye kuliuza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mluguru wa Matombo, mama wa watoto watatu. Kwetu ardhi hupita kwa mama, lakini mwaka juzi mjomba wangu aliuza shamba la marehemu bibi akisema yeye ndiye mkubwa wa ukoo, na fedha hatukuziona. Nimesoma kwamba kule Indonesia wako Waminangkabau, Waislamu kama mimi, ambao kwao nyumba na mashamba hukaa kwa wanawake, na wanajivunia mila hiyo mpaka leo. Shehe wetu aliposikia akasema mila za namna hiyo zinagongana na mirathi ya dini. Naomba unieleze, mila yao ina thamani gani hasa kwa utamaduni na kwa maadili? Au tunaipamba tu kwa kuwa iko mbali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho: ndiyo, tunaipamba. Ukitafuta habari za Waminangkabau hukawii kukutana na maneno kama "himaya ya wanawake", chini ya picha ya nyumba yenye paa lililopinda kama pembe za nyati. Picha ni ya kweli, maneno yana chumvi. Wakuu wa koo zao, panghulu, wenye jina la heshima la Datuak, ni wanaume. Maimamu ni wanaume. Kinachopita kwa mama ni ukoo wenyewe, pamoja na nyumba na ardhi. Kwa sensa ya Indonesia ya 2010 walikuwa zaidi ya milioni 6. Asili yao ni nyanda za juu za Sumatra Magharibi, kule Tanah Datar, Agam na Limapuluh Kota, ila wengi wametawanyika Jakarta, Medan na hata Malaysia, ambako hukosi mgahawa wao wa wali wa Padang.

Kwa hiyo tuache habari ya nani anamtawala nani. Kwangu mimi thamani ya mila hii imelala mahali pamoja: namna walivyolifunga shamba lisiuzike, na mtu waliyempa kazi ya kulilinda.

Wao hugawa mali mafungu mawili. Fungu la kwanza huitwa pusako tinggi, urithi wa juu: majaruba ya mpunga, viwanja, nyumba kubwa ya ukoo, vitu vilivyoshuka kutoka bibi hadi bibi mpaka hakuna anayekumbuka ni nani aliyefyeka msitu wa kwanza. Fungu la pili ni pusako randah, urithi wa chini, yaani kile alichochuma mtu kwa jasho lake na mwenzake wa ndoa: duka, gari, nyumba ya mjini. Shika tofauti hiyo, tutairudia tukifika kwa shehe wako.

Urithi wa juu hauna mwenyewe. Mwanamke hupewa kipande chake alime, na mavuno ni yake na wanawe, lakini kipande si chake wa kukitoa. Asipoacha binti, hurudi kwa dada zake na mabinti zao. Mama mkubwa wa nyumba ndiye mshika funguo, na ndivyo anavyosifiwa katika maneno yao ya kale. Kaka yake, ambaye kwa watoto ni mjomba na wao humwita mamak, ndiye mwangalizi. Yeye hujua mipaka, yeye husimama penye shauri, yeye huulizwa mpwa akiharibikiwa. Ila yeye mwenyewe hana kipande cha kuwarithisha wanawe, kwa kuwa wanawe ni watu wa ukoo wa mama yao, wanakula kwenye mashamba ya huko. Analinda mali ambayo damu yake ya mbele haitaigusa. Waliopanga hivi walimjua binadamu vizuri sana.

Kuhusu kuuza, wana msemo usioacha mwanya: dijua indak dimakan bali, digadai indak dimakan sando. Maana yake, kikiuzwa hakiuziki, kikiwekwa rehani hakishikiki. Lakini maisha yana dharura, nao wakaacha milango minne tu ya kuweka shamba rehani. Nyumba ya ukoo ikiwa inavuja. Msichana akiwa amefikia umri na hapana cha kumwozeshea. Maiti akiwa amelala katikati ya nyumba na hakuna gharama ya mazishi. Na "kuinua gogo lililozama", yaani kusimamisha upya cheo cha mkuu wa ukoo kilichokaa wazi, kwa kuwa sherehe yake huchinjiwa nyati na kulisha watu wengi.

Isome orodha hiyo taratibu, mwanangu, kama unavyosoma risiti ya mtu usiyemwamini. Deni la mjomba halimo. Biashara ya mjomba haimo. Karo ya watoto wa mjomba haimo. Kila mlango unafunguliwa kwa aibu au shida ya nyumba nzima: paa la wote, binti wa wote, maiti wa wote, jina la wote. Mwenye mamlaka hakuachiwa hata ufa mmoja wa haja yake mwenyewe. Nimesoma sheria nyingi za amana katika maisha yangu, chache zina akili kama hii, na hii haikuandikwa na wakili.

Huo mlango wa msichana huwaudhi wasomaji wa leo, nami nakiri kwamba kwa masikio yetu unasikika kama binti ni mzigo wa kutua. Lakini ndoa kwao ni jambo la ukoo wa mke, na ndio unaobeba shughuli. Pwani ya Pariaman watu wa bibi harusi hulipa hata fedha ya kumchukua bwana harusi kwao, uang japuik, jambo ambalo mjomba wako akilisikia atataka kuhamia huko.

Tena ni rehani, si mauzo. Mwenye fedha hulima shamba mpaka ukoo ukomboe, na ukombozi ungeweza kungoja vizazi viwili. Mwaka 1960 serikali ya Indonesia ilitunga sheria kwamba shamba lililokaa rehani miaka 7 au zaidi lirudishwe bure, ikihesabu kwamba mkopeshaji amekwisha kula fedha yake kwa mavuno. Wengi huko Sumatra Magharibi hawakuifuata. Waliona kurudishiwa shamba bila kulikomboa ni kumvunja jirani aliyekusitiri siku ya maiti. Unaweza kubishana nao, na wakulima maskini wangekuwa na haki ya kubishana, lakini ona mahali walipoiweka heshima yao.

Sasa tuingie nyumbani, kwa sababu hapo mambo haya yanaonekana kwa macho. Rumah gadang, nyumba kubwa, imenyanyuliwa juu ya nguzo, ndefu kama behewa, na kuta zake hutanuka kwa juu. Mbele ni ukumbi mmoja wazi toka mwisho hadi mwisho: hapo ndipo watu hukaa chini kula, kushauriana na kulaza maiti wao. Nyuma kuna safu ya vyumba vidogo, na kila chumba ni cha mwanamke mmoja wa nyumba ile na mumewe akija usiku. Uani, mbele ya ngazi, yamesimama maghala ya mpunga yenye paa za pembe vilevile, rangkiang. Kila ghala lina jina na kazi. La chakula cha kila siku ni lake peke yake. La mpunga wa kuuza ili kununua visivyolimwa ni lake. Na lipo la njaa: mpunga wake haufunguliwi mpaka mwaka uwe mbaya au mwenye shida abishe hodi. Nyumba yenye ghala hilo inamwambia kila apitaye njiani kwamba humu imetengwa sehemu ya mtu asiye wa humu.

Hesabu vyumba tena. Cha kaka hakipo. Cha mtoto wa kiume hakipo. Hapo ndipo gharama ya mila hii inapolipwa, na waandishi wa sifa hupita mbiombio. Zamani mvulana akiisha kupata akili, pengine miaka 7 au 10, alihama kulala surau, nyumba ya sala ya ukoo, akasoma Kurani jioni na kujifunza silek, mchezo wao wa kujihami, usiku. Akioa, hulala chumbani kwa mkewe kama mgeni wa heshima. Akiachika, au akizeeka mjane, hurudi surau. Wana maneno makali juu ya mume: ni jivu juu ya kisiki, upepo ukivuma limekwenda. Na wamewapanga waume kwa aina zao. Yuko mume nzi wa kijani, anayetaga watoto huku na huku na kuruka. Yuko mume upupu, akiingia nyumba hii ndugu wote wanaanza kujikuna. Yuko mume mkeka mchakavu, yupo tu, anakaliwa. Anayesifiwa ni yule anayekuwa kwa watu wa mkewe kama mzee wa nyumba, akisitiri aibu zao kama aibu zake.

Kijana asiye na chumba hufanya nini? Huondoka. Kutoka kwenda ugenini kutafuta, merantau, ni nusu ya pili ya mila hii, na bila hiyo nusu ya kwanza ingeoza. Shairi lao la kale humtuma kijana aende kwanza, kwa maana "nyumbani bado hajafaa kitu". Maneno ya kikatili kidogo kumwambia mwanao. Lakini wametoka humo wafanyabiashara wa kila soko la Indonesia, na pia Mohammad Hatta, makamu wa kwanza wa rais, Sutan Sjahrir, waziri mkuu wa kwanza, Agus Salim na Tan Malaka. Kabila la watu wachache limeijaza meza ya waliodai uhuru. Mimi siamini kwamba ilitokea bahati tu, kijana asiye na shamba la kungojea hujifunza kusoma na kusema mapema.

Je, yule mjomba mwangalizi anazuiwa na nini asile? Hapa ndipo penye maadili yenyewe. Mkuu wa ukoo husemwa ameinuliwa kijiti kimoja na kutangulizwa hatua moja. Kijiti kimoja, ili ukinyoosha mkono umfikie, na hatua moja, ili akikosea umrudishe. Na upo mnyororo ambao hata watoto huukariri: mpwa mfalme wake ni mjomba, mjomba mfalme wake ni panghulu, panghulu mfalme wake ni makubaliano, makubaliano mfalme wake ni haki, na haki husimama yenyewe. Mjomba wako yeye alikata mnyororo kwenye pete ya kwanza. Aliposema "mimi ndiye mkubwa" alikuwa sahihi. Kosa ni kudhani maneno yanaishia hapo.

Mjomba huyo pia ana watoto, na Waminangkabau hawakujifanya hawana moyo. Husema mtoto apakatwe, mpwa aongozwe kwa mkono. Mtoto umbebe kwa ulichochuma mwenyewe, mpwa umshike mkono katika mali ya ukoo. Mikono miwili, mifuko miwili. Mjomba akianza kumbeba mwanawe kwa mfuko wa wapwa, watu wanajua mara moja ni mkono gani umeingia wapi.

Haya, shehe wako. Hakukosea kuuliza, na hakuwa wa kwanza. Ahmad Khatib, Mminangkabau aliyekuwa imamu wa madhehebu ya Shafi katika Msikiti wa Makka, aliishambulia mila hii mwishoni mwa karne ya 19 kwa ukali usio na simile: kwake ilikuwa ni mali inayonyang'anywa watoto. Na kabla yake, tangu 1803, mahujaji waliorudi kutoka Makka walianzisha harakati iliyokuja kuwa vita vya Padri. Waholanzi waliingia vitani mwaka 1821 kwa upande wa watu wa mila, na ngome ya Bonjol ikaanguka 1837. Damu ilimwagika kweli. Kilichotoka huko ni usemi wanaoushika mpaka leo, kwamba mila imesimama juu ya sharia na sharia imesimama juu ya Kitabu cha Mungu.

Usemi peke yake haugawi shamba. Suluhu ya kweli ilikuja kwa yale mafungu mawili niliyokuambia uyashike. Mwaka 1952 walikutana Bukittinggi maulamaa, wazee wa mila na wasomi, wakakubaliana: urithi wa chini, jasho la mtu, ugawiwe kwa faraidhi, yaani mirathi ya dini, watoto wa kiume na wa kike wapate mafungu yao kama ilivyoandikwa, na urithi wa juu ubaki kwa mila. Hoja inayotegemewa ni rahisi. Huwezi kurithisha usichokimiliki. Marehemu hakuwa na shamba lile, alikuwa analitumia tu. Haji Rasul, mwanazuoni mkali wa mageuzi asiyeionea mila haya, alilifananisha na wakfu, kama ile ardhi ya Sayyidina Umar kule Khaybar, isiyouzwa, isiyorithiwa wala kutolewa zawadi. Wapo maulamaa wasioridhika hadi leo, wakisema wakfu wa kweli haumbagui mtoto wa kiume. Nami naona wana hoja. Lakini mwulize shehe wako swali hili kwa adabu: lile shamba la bibi lilikuwa jasho la bibi, au lilikuwa la ukoo? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama faraidhi inaingia. Na usidhani ni ajabu ya mashariki ya mbali. Hapo Ngazidja, kisiwa cha Komoro, Waislamu wenzetu wana manyahuli, ardhi inayopita kwa wanawake wa ukoo, na mume huhamia kwa mke.

Nisikufiche kwamba mila yenyewe imepata nyufa. Vijana wa kiume sasa hulala kwao, na familia nyingi ni baba, mama na watoto kwenye nyumba ya matofali, mjomba akionekana kwenye harusi. Sheria ya vijiji ya 1979 ilivunja nagari, jumuiya zao za asili, ikazikata kuwa vijiji vidogo vya kiserikali, na baraza la wazee likabaki halina meno mpaka nagari ziliporudishwa kuanzia 2000. Hati za ardhi nazo zimeleta fitina mpya: fomu inataka jina, basi jina linaloandikwa ni la mjomba mwangalizi, na akifa wanawe huja na karatasi. Kilicholindwa kwa miaka na watu wanaojuana kinapotezwa na mstari mmoja wa wino. Na wapo wanaotaka karo ya chuo iwe mlango wa tano. Mimi ningewaachia, lakini kwa sharti kwamba karo iwe ya mpwa.

Narudi Matombo. Siwezi kukuambia uchukue mila ya Sumatra uipande Uluguru, kwa kuwa huko hakuna panghulu wala ghala la njaa, na ninyi Waluguru mna utaratibu wenu wa ukoo ambao wazee wa huko wanaujua kuliko mimi. Ila maswali yao manne unaweza kwenda nayo kwenye kikao kama yalivyo. Paa lilikuwa linavuja? Kulikuwa na binti wa kuozwa? Kulikuwa na maiti? Kulikuwa na jambo la jina la ukoo? Mjomba akikosa jibu mbele ya wazee, hutakuwa na haja ya kupandisha sauti. Kisha uende kwa serikali ya kijiji uulize mauzo yale yalipita kikao gani na nani walitia saini, na baraza la ardhi la kijiji lisikie shauri. Kwa vipande vilivyobaki, jua kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila kutolewa kwa familia au kikundi. Msikubali jina moja, hata likiwa lako.

Na kabla ya yote hayo, fanya kitu ambacho Mminangkabau akipelekwa kwenye shauri la shamba huombwa kwanza: ranji, karatasi ya nasaba. Mtafute mwanamke mzee kuliko wote aliyebaki katika ukoo wenu, ukae naye asubuhi akiwa hajachoka. Anza na mama mkuu wa juu kabisa anayemkumbuka, ushuke na mabinti zake, na mabinti wa mabinti, kila mmoja na kipande alicholima na mto au mti uliokuwa mpaka. Wanaume waandike pembeni ya dada zao, mstari wao usishuke zaidi. Mjomba wako naye muweke, pembeni ya mama yako.